Saba katika sitini na nne: barua ya wazi kuhusu ruhusa ya Kifungu cha 24(4) cha Katiba ya Kenya

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu. Kwa wenyeviti na wanachama wa kamati za sheria katika Bunge la Kitaifa na Seneti. Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu. Na kwa Sheikh wetu, Kadhi Mkuu wa Kenya.

Assalaam alaykum kwa wenye kuiitikia, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Niruhusuni nianze kwa swali la darasani. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Madeni yamelipwa, wosia hakuna. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachosalia wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Igawanyeni mali yote mafungu 64: mjane 8, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Jumlisheni muone. Hakuna kinachobaki wala kinachopungua.

Mtu huyo ni baba yangu, aliyefariki mwaka 2007. Nyumba aliyotuachia ina duka chini na vyumba vya kupangisha juu, na kodi yake kwa sasa ni shilingi 32,000 kwa mwezi. Fungu langu la 7 ni shilingi 3,500. Thumni ya mama ingekuwa 4,000. Mama alifariki 2016 bila kuipokea hata mwezi mmoja, na kwa hesabu ileile kipande kidogo cha fungu lake kikaja kwangu, nikawa na 8 katika 64. Yaani thumni kamili, ileile aliyokuwa nayo yeye. Faraidhi, hesabu ya mirathi ya Kiislamu, ina uzuri wake. Nimefundisha sehemu kwa miaka 31 na sijaona mfano uliokaa sawa kuliko huu, ila darasani sikuwahi kuutumia.

Sijawahi kudai 14. Naomba hilo lisikike vizuri, kwa sababu kila nikifungua mdomo kuhusu nyumba ile naambiwa nimekuja na usawa wa Nairobi. Naijua aya ya 11 ya Surat An-Nisaa, na naijua ya 7 inayoitangulia, ile inayosema wanawake nao wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Nilichowaomba kaka zangu ni saba zangu na daftari la kodi, nione nani alilipa nini na mwezi gani. Waliponizungusha miaka minane nikaenda mahakamani, mahakama moja ya kadhi hapa Pwani. Siku ya kwanza wakili wao alisimama akasema, kwa adabu zote, kwamba mlalamishi anajaribu kuingiza mambo ya usawa, na mambo hayo Katiba yenyewe imeyatoa katika mirathi ya Waislamu, tazama Kifungu cha 24(4). Nilinyamaza. Katika karatasi zangu zote neno usawa halikuwamo. Kesi ikaahirishwa. Imeahirishwa mara 11 tangu siku hiyo, na kodi haijawahi kuahirishwa.

Ndipo nikaenda kukisoma hicho kifungu mwenyewe.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza mtu kubaguliwa kwa jinsia, kwa dini, kwa kuzaliwa, kwa hali ya ndoa na kwa mengine mengi. Kifungu cha 24(4) kinakuja na ruhusa: masharti hayo ya usawa yatapunguzwa, kwa kadiri ya lazima kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi, kwa watu wenye kuikiri dini ya Kiislamu, katika mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Ni sentensi moja tu, lakini ina makufuli manne. Watu wetu wanaikumbuka sentensi, makufuli wameyasahau. Wakili yule aliyasahau. Na nyinyi, kwa heshima, tangu 2010 hamjatuandikia popote funguo zake zinavyofanya kazi.

Katiba ya zamani ilikuwa wazi kama uwanja. Kifungu chake cha 82 kilikataza ubaguzi, halafu mistari michache baadaye kikayatoa mambo ya ndoa, talaka, maziko na mirathi, kwa Waislamu na kwa makabila yenye mila zake. Binti wa Kikeiyo aliambiwa mila, binti wa Kiswahili akaambiwa dini, na wote wawili wakarudi nyumbani mikono mitupu. Walioandika Katiba ya 2010 waliifuta ile ruhusa ya mila. Yetu wakaibakiza, wakaifinya. Ugomvi wake hamjausahau: makanisa makubwa yaliipinga rasimu huku wakizitaja mahakama za kadhi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hata kule kwenye Katiba ya zamani hazikustahili kuwamo. Tarehe 4 Agosti nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri nikapiga kura ya ndiyo. Niliwapigia kura makadhi, na niliupigia kura usawa. Karatasi ilikuwa moja.

Sitaki mtu aichukue barua hii akaipeleke kwenye kongamano hotelini kuonyesha kwamba wanawake wa Pwani wanataka mahakama za kadhi zifungwe. Mahakama hizi hatukupewa kwa hisani. Zilikuwapo mwambao huu kabla Kenya haijapata jina. Mkataba wa 1895 baina ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar haukuzigusa, na barua ambazo Nairobi na Zanzibar ziliandikiana Oktoba 1963 ziliahidi kwamba zitaendelea. Kaeni barazani asubuhi moja mhesabu: wengi wa wanaosubiri ni wanawake. Mume amemtelekeza, anataka talaka yake. Mwingine anadai matumizi ya watoto. Mwingine mahari yake hayajalipwa tangu Nyerere yu hai. Wanasikizwa kwa Kiswahili, bila wakili, na kadhi anajua eda ni nini bila kuelezwa. Mwanamke huyu ukimpeleka mbele ya hakimu anayetamka jina lake kwa taabu, utakuwa hujamkomboa.

Ninalolipigania ni dogo kuliko hilo. Ruhusa ya kidini katika sheria ya kuzuia ubaguzi ni ya dini. Kama kuna jambo ambalo dini haikuliagiza, ruhusa hailifuniki. Kaka akikaa na kodi miaka 19, hilo si sheria ya Kiislamu iliyopewa nafasi na Katiba. Ni kaka tu.

Kufuli la kwanza ninalotaka kulishika ni maneno "mbele ya mahakama za kadhi". Hayasemi mbele ya wazee wa ukoo. Hayasemi sebuleni baada ya hitima, wanaume wameketi kwenye viti, wanawake wako jikoni wanaosha sinia, na anatoka mjomba kusema "tumeshaelewana". Mgawanyo wa sebuleni hauna ruhusa yoyote ya Katiba. Ukimbagua binti, umembagua kama angebaguliwa kazini au shuleni, na Kifungu cha 27 kiko palepale. Nimewauliza mawakili watatu kama kuna binti yeyote wa huku Pwani wanayemjua aliyekwenda Mahakama Kuu kwa hoja hiyo. Wawili walicheka. Wa tatu alisema gharama yake itakula saba zangu na saba za dada yangu.

La pili limo katika kifungu kingine: ni kuridhia. Mwaka juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya mahakama nikisubiri kuahirishwa kama kawaida. Kando yangu alikaa mjane, umri wa binti yangu, ndiyo kwanza ametoka eda. Mapajani ana bahasha ya kaki: cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, nakala ya kitambulisho iliyofifia. Karani akatoka na fomu akauliza, "Mama, wakubali kesi yenu isikizwe na kadhi?" Shemeji yake aliyekuwa amesimama nyuma akajibu kabla yule mama hajainua uso: "Akubali. Huyu ni Muislamu, babake alikuwa imamu." Karani akaandika. Mama akapewa kalamu, akatia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole, na bahasha ikatoka mapajani mwake ikaingia kwapani mwa shemeji.

Kifungu cha 170(5) kinasema kadhi hana mamlaka mpaka wahusika wote wawe Waislamu na wawe wameridhia kusikizwa naye. Ni mambo mawili. Kuwa Muislamu ni moja, kuridhia ni la pili. Shemeji aliyajibu yote mawili kwa pumzi moja, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe sikuona ajabu mpaka nilipofika nyumbani nikavua buibui.

Ugiriki walikuwa na jambo la karibu na hili kwa Waislamu wao wa jimbo la Thrace. Mume mmoja wa Komotini alimwachia mkewe mali yote kwa wosia ulioandikwa kiserikali. Dada zake marehemu wakaenda mahakamani wakasema ndugu yao alikuwa Muislamu, kwa hiyo wosia wa namna hiyo hausimami, na mahakama ya juu kabisa ya huko ikawakubalia. (Kwa madhehebu yangu ya Kishafii wosia ule nami nisingeukubali, lakini tuliweke hilo kando.) Mjane akapanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na tarehe 19 Desemba 2018 akashinda. Hoja iliyomshindisha ni kwamba serikali ikishaipa sheria ya dini nafasi katika mahakama, haiwezi kumfungia mtu humo kwa nguvu kwa sababu tu amezaliwa katika dini hiyo. Mapema mwaka huohuo Ugiriki yenyewe ilikuwa imeshabadilisha sheria yake, kesi kama hizo zikawa za mufti kwa hiari ya wahusika tu. Sisi hiari hiyo tunayo tangu 2010, imo ndani ya Katiba, na tumeifanya kisanduku cha kutia alama.

Jaji Mkuu, kanuni za mwenendo wa mahakama hizi ni zako kuzitunga. Mjane aulizwe peke yake, ndani ya chumba, shemeji akiwa nje. Aulizwe kwa lugha anayoijua, iwe Kiswahili, Kisomali, Kiborana au Kipokomo. Aelezwe fungu lake litakuwa kiasi gani huku na kiasi gani kule, kisha ajibu, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake. Haigharimu hata jengo moja jipya. Wengi, nawahakikishia, watasema kadhi. Mimi ningesema kadhi. Lakini ningekuwa nimesema mimi.

Sasa nije kwenye lile lililowatoa watu jasho mwaka 2025. Tarehe 30 Juni Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya mirathi iliyopanda kutoka huku Pwani. Mwanamume Muislamu amefariki, upande mmoja yuko mke wa nikahi, upande wa pili mwanamke aliyezaa naye watoto bila ndoa inayotambulika. Mahakama ikasema watoto hawawezi kunyimwa mirathi ya baba yao kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wao, na kwamba ruhusa ya 24(4) haikuwekwa iwe pana kiasi hicho: lazima kabisa maana yake ni lazima kabisa. Mimbari za Ijumaa ziliwaka. Kuna waliosema Uislamu umeguswa, na kuna waliosema ndiyo mwanzo wa kuzika mahakama za kadhi.

Nitasema ninavyofikiri, na najua nitagombana na pande zote. Jumhuri ya maulamaa, yaani walio wengi, na sisi Mashafii wa mwambao tumo humo, wanasema mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake, hamrithi yule mwanamume. Huo ndio msimamo mkubwa na haufai kufichwa. Lakini si kweli kwamba haukuwahi kuwa na mpinzani. Ishaq bin Rahawayh, na baadaye Ibn Taymiyya, waliona kwamba mwanamke akiwa hana mume na mwanamume akikiri kwamba mtoto ni wake, nasaba inathibiti. Simwambii Kadhi Mkuu achague kauli ipi, mimi ni mwalimu wa hesabu. Nasema tu kwamba sheikh anayeiambia mahakama "dini haina njia nyingine" anajua kwamba anafupisha.

Tena njia nyingine ziko mezani tayari. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana uhusiano wa kisheria na baba yake. Baraza la Maulamaa la huko halikukubaliana nayo, na fatwa yake ya mwaka uleule, namba 11, ilishikilia kwamba nasaba na mirathi havipo. Lakini hawakuishia hapo. Walisema mtawala anaweza kumtoza mwanamume yule gharama za kumlea mtoto, na akifa itolewe katika mali yake sehemu ya mtoto kwa njia ya wosia wa lazima, ule unaotekelezwa hata kama marehemu hakuuandika. Misri iliutumia wosia wa lazima tangu 1946 kwa wajukuu waliofiwa na wazazi wao, mpaka theluthi. Tazameni jambo hilo lilivyo: mtoto hapewi jina ambalo fiqhi, elimu ya sheria ya dini, haimpi, wala halali na njaa wakati nduguze wa baba mmoja wanagawana mali. Hiyo ndiyo maana ya "kwa kadiri ya lazima kabisa" ukiifanyia kazi ukiwa ndani ya nyumba. Dini imeulizwa hasa inataka nini, na kile isichokitaka kikaachiwa usawa.

Kwa nini hatukufika huko sisi wenyewe? Kutoka Katiba kutangazwa Agosti 2010 mpaka hukumu ile ni miaka 15 kasoro miezi miwili. Bunge lingeweza kuandika sheria ya mirathi ya Kiislamu yenye kurasa kumi. Kadhi Mkuu angeweza kuwaita maulamaa wa Lamu, Garissa, Isiolo, Kibera na Mumias wakaketi siku tatu. Palipoachwa wazi wakapajaza majaji, na sasa tunawalaumu kwa kujaza. Kesi ya kadhi ikikatiwa rufaa Mahakama Kuu, sheria inataka Kadhi Mkuu au makadhi wawili waketi pamoja na jaji. Ikipanda Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, hakuna kadhi wa kumnong'oneza mtu neno. Nalo hilo lingeweza kurekebishwa kwa kifungu kimoja. Hakuna aliyekileta.

Wala msiniambie jambo hili, la kuandika mpaka wa dini na usawa, halijawahi kufanyika Kenya. Fungueni Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, kifungu cha 6. Kinasema ushahidi utafuata sheria ya Kiislamu, kisha kinaweka sharti: mashahidi wote wasikizwe bila kubaguliwa kwa dini wala kwa jinsia, na jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi wote, si kwa idadi ya mashahidi. Mwaka 1967, jamani. Wazee wetu wa wakati ule walikuwa na masheikh wakubwa kuliko tulionao leo, na mwambao haukuzama. Mimi nimetoa ushahidi chini ya kifungu hicho, peke yangu, mwanamke mmoja mbele ya kaka watatu, na hakuna aliyethubutu kusema ushahidi wangu ni nusu. Kipimo kikiandikwa, watu hukifuata. Kisipoandikwa, anayepima ni mwenye nguvu.

Na pale mlipoandika, mmeandika mkajipinga. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema katika kifungu cha 3 kwamba wanandoa wana haki sawa, na kwamba wanandoa wa Kiislamu watakuwa na haki walizopewa na sheria ya Kiislamu, lakini chini ya ule usawa uliotajwa kwanza. Ukifika kifungu cha 49 unakuta kwamba chochote katika sheria hiyo kinachopingana na sheria ya Kiislamu hakitawahusu Waislamu. Basi usawa wa kifungu cha 3 unatuhusu au hautuhusu? Mwanafunzi wangu wa darasa la sita angeniletea jibu la namna hii ningemrudishia daftari. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 nayo inasema Muislamu "anaweza" kufuata sheria ya Kiislamu katika mali hiyo. Anaweza kwa hiari ya nani? Yake, ya mumewe, au ya yule aliyefika mahakamani kwanza? Kuna mwanamke mtaani kwetu aliyeuza mahamri na mbaazi kila alfajiri kwa miaka 20 mpaka nyumba ikaezekwa, na swali hilo dogo la neno moja ndilo litakaloamua kama ana ukuta wowote humo ndani au ni mgeni.

Ninayoomba ni machache. Hilo la kuridhia nimeshalisema. La pili ni kwamba kadhi anapotoa hukumu inayompa mtu pungufu kwa sababu ya jinsia yake au ya kuzaliwa kwake, aandike katika hukumu hiyo ni aya gani au kauli gani ya fiqhi inayomlazimu, na kwa nini njia nyingine haikuwezekana. Kadhi mwema anafanya hivyo hata sasa. Nimesoma hukumu ambazo mtu angeweza kuzisomesha chuoni. Nimesoma pia hukumu za nusu ukurasa zinazosema "kwa mujibu wa sharia" basi, na aliyepunguziwa haambiwi kapunguziwa na nani.

La tatu ndilo langu hasa, na halihusu fiqhi hata kidogo. Wekeni muda. Mirathi ikifunguliwa mbele ya kadhi, ndani ya miezi kadhaa itakayotajwa na sheria, mali iorodheshwe na mafungu yatangazwe kwa tarakimu. Na tangu siku ya kufunguliwa, anayekusanya kodi, anayevuna minazi, anayeendesha matatu ya marehemu, aweke hesabu mahakamani kila baada ya miezi mitatu, na mafungu yasiyo na ubishi yalipwe huku ubishi mwingine ukiendelea. Saba zangu hazina ubishi. Hakuna madhehebu yanayosema ni tano. Hakuna sheikh aliyewahi kuniambia kwamba kucheleweshwa ni sunna. Kuchelewa huku kunatugusa sisi mabinti na wajane zaidi ya wana wa kiume kwa sababu iliyo wazi: wao ndio wamo ndani ya nyumba, wao ndio wapangaji huwapigia simu. Ukiita hilo ubaguzi, Kifungu cha 27 kinakuelewa. Ukisema limo ndani ya ruhusa ya 24(4), nionyesheni aya.

Ya yule mtoto wa nje ya ndoa nawaachia, ila msimwachie jaji tena. Mwanasheria Mkuu aandike muswada, Kadhi Mkuu aite maulamaa, na katika kikao hicho wawemo wanawake waliosoma dini, ambao Pwani hii inao wengi na hawajawahi kuitwa zaidi ya kuombwa qaswida ya ufunguzi.

Kuna atakayesema kwamba nikiwapa wabunge mlango wa kuandika kipimo, kesho wataifuta ruhusa yote. Hofu hiyo naielewa, nami ninayo. Waislamu ni wachache Kenya, na wachache hawana raha na kura za bungeni. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 ilituweka ndani bila kutuuliza, ikachukua mpaka 1990 kututoa. Wazee wetu waliandamana, na mjomba wangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Lakini ruhusa isiyo na mipaka hailindwi na chochote isipokuwa kuheshimiwa, na heshima hiyo inapungua kila kaka mmoja anapoitumia kufunika daftari la kodi. Hukumu ya 2025 haikuanzia Nairobi. Ilianzia katika nyumba ya Waislamu ambayo haikuweza kugawana.

Kesi yangu itatajwa tena mwezi ujao, itakuwa mara ya 12. Nakala ya barua hii nimempelekea kaka yangu mkubwa kwa mkono, pamoja na ile hesabu ya 64 niliyoiandika kwa wino mwekundu kama nilivyozoea. Aliipokea, akanikaribisha chai, tukazungumza habari za magoti yake. Kodi hukusanywa tarehe 5.

Wenu katika heshima,
Mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa